Mpelelezi Mshairi

Mwaka 1927, Walter R. Brooks wa Marekani alianza kusimulia visa vya wanyama wa shamba la Bean, jimboni New York. Miaka 5 baadaye, katika Freddy the Detective, nguruwe Freddy, akiisha kusoma habari za Sherlock Holmes, aligeuka mpelelezi. Paka Jinx alishitakiwa kumla kunguru; kumbe panya ndio waliompakazia. Mtoto akajifunza kwamba manyoya yaliyookotwa si hukumu. Vitabu vilifikia 26 hadi 1958, mwaka aliofariki Brooks. Kimoja, cha 1953, ni diwani ya Freddy mwenyewe. Sungura wa ngano za pwani mara nyingi hutumia werevu kujiokoa. Freddy aliutumia kumwokoa mwenziwe.