Land Rover ya Zamani na Injini Mpya

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: INJINI na DIZELI. Leo tutasoma historia ya gari.

Nyarugusu ya Geita (msiichanganye na ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi) watu huchimba dhahabu. Mawe hutolewa duarani, hutiwa katika magunia, kisha hupelekwa kwenye karasha yakasagwe. Masika yakiingia, njia ya tope humeza gurudumu hata nusu. Kwa njia za namna hiyo ndiyo Land Rover ilitengenezwa.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Wenyewe walikuwa kampuni ya Rover ya Uingereza. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa adimu, kikigawiwa kwa kipimo. Injini ya kwanza ilikuwa ya petroli, lita 1.6, nguvu ya farasi 50 hivi.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 1956 kampuni ililirefusha gari kwa inchi 2, na hapo zikapatikana zile za 88 na 109. Namba hizo ni inchi, tangu katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma. Kwa nini inchi 2? Kwa sababu injini ya dizeli ilikuwa ikitayarishwa, nayo ilitaka nafasi. Ikatoka mwaka 1957. Basi kiwanda chenyewe kilibadili gari kwa ajili ya injini. Wako watu wanaosema kuwa fundi akibadili injini ameliharibu gari la asili. Mimi naona wamesahau inchi hizo 2.

Mwaka 1961 ikaja dizeli ya lita 2.25, nguvu ya farasi 62. Ilikuwa injini ya kudumu, lakini mzigo ukiwa mzito na mlima ukiwa mrefu, gari lilipanda kama mzee mwenye fimbo. Ndugu yake ya petroli ilikuwa na nguvu zaidi, ila ilikunywa sana. Mafuta yalipopanda bei duniani mwaka 1973, na tena mwaka 1979, wakati nchi yetu imetoka katika vita ya Kagera na fedha za kigeni ni haba, kulisha petroli gari la namna hiyo kulikuwa mzigo. Vipuri navyo vilikuwa shida. Ndipo fundi alipotazama injini nyingine yoyote iliyo nzima.

Mwaka 1989 kampuni ilitoa dizeli mpya iitwayo 200Tdi: lita 2.5, yenye tabo, nguvu ya farasi 107 au zaidi. Imetokana na ukoo wa zile za zamani, kwa hiyo hufungwa kwenye giaboksi ya 109 kwa marekebisho machache. Injini ya Toyota ni habari nyingine. Matundu ya bolti zake hayalingani na ya giaboksi ya Land Rover, na fundi hana budi kuchonga bamba la chuma liziunganishe. Bamba hilo likienda upande kidogo tu, hata kwa unene wa ukucha, shafti huzunguka imepinda, beringi hulia, na mwisho giaboksi hufa. Tajiri akilaumu injini, huwa anaionea.

Hatari kubwa iko kwenye breki. Breki za 109 ni za dramu, zilizopimwa kwa gari la mwendo wa pole. Mwalimu, andika ubaoni: mwendo ukizidi mara 2, kazi ya breki huzidi mara 4. Injini mpya itapandisha mlima tani moja ya mawe, na vijana wameketi juu yake, bila kuhema. Kushuka je? Injini imebadilishwa, breki ni zile zile. Ekseli za nyuma nazo zinajulikana kwa kukatika, hata kwa nguvu ile ya zamani. Fundi mwema hushughulikia breki kwanza, ndipo afunge injini. Tajiri huona anapotezewa siku.

Liko na suala la karatasi. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini na namba ya chasi. Injini ikibadilishwa na kadi ikabaki ile ile, polisi atakuta namba mbili zisizopatana, na mwenye gari atatakiwa aeleze alikoipata. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aandike stakabadhi yenye namba ya injini, kisha isome mwenyewe pale ilipopigwa kwenye chuma, tarakimu moja moja. Isugue kwanza kwa brashi ya waya, maana penye kutu 3 hufanana na 8.