Kesi ya Volti na Ampea

Mafundi wa umeme tuna ubishi wetu usiokwisha, kama wa Simba na Yanga: kinachoua ni volti au ni ampea? Vijana ninaofanya nao kazi hapa Tanga huuanzisha kila tukikaa kivulini kula mihogo. Mmoja atatoa mfano wa betri ya lori. Ina ampea za kuyeyusha spana, lakini shika nguzo zake mbili kwa mikono mikavu, husikii kitu. Basi muuaji ni volti. Mwenzake aliyekulia Njombe atamjibu kwa sweta la nailoni. Ukilivua usiku wa kipupwe linatoa cheche za volti maelfu, na hatujasikia mtu aliyezikwa kwa sababu ya sweta. Huwaacha wachoke kwanza, halafu nawaambia ubishi wao ulishafika mahakamani, Marekani, mwaka 1889.

Wakati huo hata majina ya vipimo yalikuwa machanga. Mwaka 1881 wataalamu walikutana Paris wakaafikiana kutumia majina ya wakubwa wa fani: Volta wa Italia akapewa volti, Ampère wa Ufaransa akapewa ampea, Ohm wa Ujerumani akapewa omu, kipimo cha ukinzani. Mwaka uliofuata Thomas Edison akafungua kituo chake mtaa wa Pearl, New York, akiuza umeme wa DC, yaani mkondo mnyoofu, wa volti 110. Haukuweza kufika mbali. George Westinghouse akaja na AC, yaani mkondo geu, ambayo transfoma huipandisha hadi volti 1,000 na zaidi kwa ajili ya safari, kisha hushushwa karibu na mlango wa mteja. Kambi ya Edison ikaona soko linaponyoka, ikashika hoja ya usalama. Hoja yenyewe haikuwa ya uongo mtupu, maana nyaya zilizotandazwa ovyo juu ya mitaa ya New York zilikuwa zinaua watu kweli.

Hapo ndipo alipojitokeza Harold P. Brown, aliyejipa kazi ya kuishitaki AC mbele ya umma. Julai 1888, katika Chuo cha Columbia, alimfunga mbwa mkubwa mbele ya watazamaji akampitishia DC, akipandisha hatua kwa hatua hadi volti 1,000. Mbwa aliteseka, hakufa. Brown akageukia AC ya volti 330, na mbwa akafa. Yeyote aliyewahi kushika testa angeuliza kilichoulizwa papo hapo: mbwa aliyekwisha kuteswa kiasi hicho anathibitisha nini? Brown hakujali. Baadaye alimwalika Westinghouse kwenye pambano: Brown apitishiwe DC, Westinghouse AC, waanzie volti 100 na kupanda kwa 50 mpaka mmoja akiri kushindwa. Mwenzake hakumjibu, na alifanya vizuri.

Kuanzia Januari 1889 sheria ya jimbo la New York ikaagiza wauaji wasinyongwe tena, wauawe kwa umeme. Wa kwanza kufikiwa na zamu alikuwa William Kemmler, mchuuzi wa mboga wa Buffalo, aliyemuua kwa shoka dogo mwanamke aliyeishi naye. Mawakili wake wakadai adhabu hiyo ni ya kikatili, na kesi ikaishia kwenye swali la kifundi kabisa: mwili wa mtu una omu ngapi? Edison alipanda kizimbani akasema ni kama 1,000. Akapendekeza mikono ya mfungwa itumbukizwe kwenye mitungi ya maji yenye potasi ili umeme upate njia.

Kwangu mimi ubishi wote ulipaswa kuishia pale. Gawanya volti kwa omu, unapata ampea. Volti ndiyo inayosukuma, ampea ndiyo inayopita mwilini, na ngozi iliyolowa inaifungulia mlango. Lakini waliokuwa mle ndani walikuwa wanatafuta wa kumlaumu, AC au DC, na hesabu haina faida kwa mwenye soko la kulinda.

Kemmler aliketishwa kwenye kiti gereza la Auburn tarehe 6 Agosti 1890, sponji zilizoloweshwa zikabanwa kichwani na mgongoni. Umeme ukapita sekunde 17. Daktari akatangaza amekufa, kisha waliokuwepo wakaona kifua kinapumua. Ukawashwa tena kwa zaidi ya dakika moja, mpaka chumba kikanuka nyama iliyoungua. Westinghouse aliripotiwa kusema wangetumia shoka ingekuwa afadhali.

Sehemu iliyokosekana kwenye hesabu yote hiyo ilikuwa moyo. Mwaka 1899, Geneva, watafiti Prévost na Batelli waligundua kwamba mkondo mdogo kiasi unaufanya moyo wa mbwa utetemeke ovyo bila kusukuma damu, na kwamba mpigo mkubwa unaweza kuurudisha kwenye mwendo wake. Kumbe kilicho kikubwa zaidi si lazima kiwe ndicho kiuaji zaidi.

Halafu akaja Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye ndiye ninayemheshimu kuliko wote hawa. Aliwaomba watu wa kujitolea washike waya wa shaba, mikono imelowa maji ya chumvi, akaongeza mkondo taratibu mpaka mtu ashindwe kuuachia. Wanaume walishindwa kwa wastani wa miliampea 16, wanawake 10.5. Misuli ya kukunja ngumi ina nguvu kuliko ya kuifungua. Aliyewahi kunaswa anajua hofu yake. Globu ya wati 60 kwenye umeme wetu wa volti 230 hupitisha kama miliampea 260.

Mwaka 1961 Dalziel akabuni kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampea 5. Afrika Kusini, Henri Rubin alikuwa ameshaanza njia hiyo kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Vifaa vya aina hiyo tunavyofunga sisi majumbani hukata kwenye miliampea 30.

Juzi mwenye nyumba mmoja alikataa kukilipia kifaa hicho. “Fundi, breka si zipo?” Nikachukua kalamu, nikamwandikia juu ya boksi la soketi kiasi ambacho breka yake ya soketi inavumilia, miliampea 20,000, na chini yake 30. Akaniuliza bei.