Asili na Mwisho wa Nyarubanja katika Buhaya

Mtu apitaye njia itokayo Bukoba kwenda Kemondo huona migomba na mibuni imezunguka kila nyumba, akadhani kwamba tangu kale kila kibanja kilikuwa cha mwenye kukilima. Sivyo ilivyokuwa. Baadhi ya vibanja vya Buhaya vilikuwa chini ya desturi iitwayo nyarubanja.

Maneno yenyewe yatufundisha asili yake. Bwana wa nyarubanja aliitwa mtwazi, na mkulima aliyekaa chini yake aliitwa mtwarwa. Yote mawili yatoka katika kitenzi cha Kihaya, kutwara, yaani kutawala. Basi mtwarwa maana yake ni mwenye kutawaliwa, wala si mpangaji. Mukama alipompa ndugu yake au mtumishi wake nyarubanja, alimpa ukubwa juu ya watu, pamoja na haki ya kupokea mazao yao na kazi ya mikono yao.

Wadachi walipojenga boma lao Bukoba mwaka 1890 walitawala kwa mikono ya Wakama. Mmoja waliyempenda sana alikuwa Kahigi wa Kianja, aliyekaa Kanazi. Siku zile nyarubanja ziliongezeka. Tena kahawa ilipokuwa mali ya kuuzwa, kibanja kilichokuwa cha kulisha nyumba kikawa cha kuleta fedha. Waingereza waliofuata hawakuiondoa desturi hiyo. Hivyo watoto wa watwazi walirithi haki, na watoto wa watwarwa wakarithi mzigo.

Mrithi wa mtwazi aliweza kusema: “Baba yangu hakuiba, alipewa na mwenye nchi.” Hoja hii yastahili kujibiwa. Kilichotolewa kilikuwa utawala, na utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1963. Chanzo kikikauka, mto hauwezi kudai maji. Mwaka uo huo ardhi za milki kamili, nyingi zikiwa zimetoka katika hati za Wadachi, ziligeuzwa kuwa za kukodishwa na Serikali kwa miaka 99. Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja, na mwaka 1968 nyingine kwa wapangaji wengine wa kimila. Mwenye kulima akawa mwenye kibanja.

Lakini sheria hizo zilimwondoa mtwazi tu. Hazikugusa desturi ya ukoo, ambayo ilimzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi. Neno hilo lilingoja hata 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza ilipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza sawa na mwanamume.

Basi mwalimu au padre aitwaye kusuluhisha ugomvi wa kibanja na atenge mambo mawili: nani alipewa ukubwa, na nani alipanda akatunza. Mambo hayo yalipochanganywa, haki ya mkulima ilipotea kwa vizazi vingi.