Mlango Usio na Kishikio

Msomaji, kishikio cha mlango wa gari ni kitu kidogo ambacho mkono hukijua kuliko jicho. Twakivuta kila siku, wala hatukitazami. Basi yaweza kukushangaza kusikia ya kwamba palikuwa na vijana waliokiona kuwa ni kipele juu ya uso wa gari, wakakiondoa na kuziba mahali pake, pakawa laini kama ganda la yai. Na kwamba kazi hiyo ilikua hata ikawa sanaa yenye mafundi wake, majarida yake na maonyesho yake.

Mahali penyewe ni jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani. Magari ya namna hiyo yalikuwako hata kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika mji wa Sacramento, fundi Harry Westergard alikuwa amekwisha kusifiwa kwa kulainisha bodi za magari. Lakini vita ndivyo vilivyoipa kazi hii nguvu. Mwezi wa Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kuunda magari ya raia, vikageukia vifaru, ndege na malori ya jeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana walirudi makwao na akiba ya mshahara, na wengi walikuwa wamejifunza jeshini au viwandani kulehemu chuma na kuunganisha nyaya za umeme. Magari mapya yalikuwa haba. Kijana aliyetaka gari la kupendeza alinunua gari kuukuu, na ikiwa hakupendezwa na umbo lake, alilikata.

Kukata huko hakukuwa kwa mzaha. Paa lilishushwa inchi kadhaa, taa zikazamishwa, alama za kiwanda zikang'olewa, na vishikio vya milango vikaondolewa. Wengine watakuambia kwamba shabaha ilikuwa kupunguza ukinzani wa upepo, kwa kuwa katika miaka ya 1930 wahandisi walikuwa wamevutwa sana na maumbo laini ya ndege. Mimi siamini. Kishikio kimoja hakimzuii mtu kuwahi safari yake. Vijana wale hawakushindana na upepo, bali walishindania macho ya watu barabarani.

Sasa fikiri kazi yenyewe. Fundi alifungua mlango kwa ndani, akatoa kishikio, likabaki tundu. Alikata kipande cha chuma chembamba kinacholingana na tundu lile na kukilehemu kidogo kidogo, akipumzika kati ya mshono na mshono, maana moto ukizidi, bamba zima la mlango hupinda. Kisha aliyeyusha juu yake mchanganyiko wa risasi na bati. Mchanganyiko huo una tabia ya ajabu: hauyeyuki wote mara moja, bali ukifika joto la nyuzi 183 za Selsiasi huanza kulegea, na kwa muda hubaki mzito kama ugali. Katika muda huo mfupi fundi aliusambaza kwa kibao cha mti mgumu kilichopakwa nta au mafuta ili usigande. Akipunguza moto, hukakamaa. Akiuzidisha, hudondoka chini na kazi huanza upya. Baadaye alipiga tupa, taratibu, kwa mkono, hata kiganja kikipita juu kisihisi mshono. Vumbi la risasi ni sumu, na wengi wa zama zile walilivuta bila kujali. Magari hayo yaliyojazwa risasi yalipewa jina la utani la sleji za risasi. Na sleji, kama hujaiona, ni chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji.

Lakini mlango ulioziba ufunguliwe vipi? Hapa ndipo somo lako la fizikia linapoingia. Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, alitambua kuwa umeme unaopita katika waya huisogeza sindano ya dira. Mafundi wa California waliutumia ugunduzi huo. Ndani ya mlango walitia koili ya waya yenye kipande cha chuma kinachoweza kuteleza katikati yake. Umeme ukipita, koili huwa sumaku, huvuta chuma kile, nacho huvuta komeo. Kitufe kilifichwa mahali anapopajua mwenye gari tu, pengine chini ya ukingo wa bodi. Mpita njia aliona gari lisilo na mahali pa kushika, na mwenyewe aligusa kitu kisichoonekana, mlango ukajifungua. Nakiri kwamba hata leo jambo hilo lingenifurahisha.

Miongoni mwa mafundi hao, ndugu wawili walivuma kuliko wote: Sam na George Barris, wenye asili ya Kigiriki, waliofanya kazi katika eneo la Los Angeles. Mwaka 1952 kijana aitwaye Bob Hirohata aliwapelekea gari lake, Mercury la mwaka 1951, nao wakalibadili kabisa. Hirohata alikuwa Mmarekani wa asili ya Kijapani. Kumbuka kwamba miaka kumi tu kabla ya hapo, serikali ya Marekani ilikuwa imewaondoa watu wa asili hiyo zaidi ya 110,000 kutoka pwani ya magharibi na kuwafungia kambini. Na sasa gari lililostaajabiwa kuliko mengine katika California lilibeba jina la Kijapani. Mwaka 1959 gari hilo liliuzwa kwa dola 500 kwa kijana mwingine, aliyelitunza miaka mingi. Mwaka 2022 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Tatizo moja mafundi wale walilijua mapema. Betri ikifa, mlango haufunguki, na mwenye gari husimama nje kama mgeni. Kwa hiyo wenye busara walificha waya wa chuma chini ya gari, unaovutwa kwa mkono bila haja ya umeme. Tatizo lile halikwisha na zama zao. Viwanda vikubwa navyo vilikuja kuvificha vishikio: gari la umeme la Tesla Model S, lililotoka mwaka 2012, lilikuwa na vishikio vinavyozama ndani ya mlango. Mwezi wa Septemba 2025 idara ya usalama wa barabara ya Marekani ilianza kuchunguza magari yapatayo 174,000 ya Tesla Model Y ya mwaka 2021, baada ya watu kulalamika kwamba vishikio vya nje viliacha kufanya kazi, yamkini kwa sababu ya upungufu wa umeme. Baadhi yao walikuwa wazazi waliokuwa wamesimama nje ya gari huku watoto wao wamo ndani, na wengine walilazimika kuvunja kioo.