Mtazamaji Mbele ya Mrundiko

Kipindi cha runinga cha Hoarders, kilichoanza nchini Marekani mwaka 2009, huonyesha watu walioshindwa kuachana na vitu vilivyojaza nyumba zao. Aghalabu mvuto wake huelezwa kwa uchafu: mtazamaji hushtuka, kisha hujiliwaza kwamba kwake ni kusafi. Maelezo haya hayatoshi, kwani jalala halina hadhira.

Hadhira ya aina hii ilikuwapo zamani. Mnamo Machi 1947, polisi wa New York waliupata mwili wa Homer Collyer, aliyekuwa kipofu, katika nyumba aliyoishi na nduguye Langley mtaani Harlem. Mwili wa Langley ulipatikana Aprili, hatua chache kutoka hapo. Alikuwa ameangukiwa na mtego alioutega mwenyewe dhidi ya wezi. Nyumbani humo mlitolewa zaidi ya tani 120 za vitu, zikiwamo piano 14, huku umati ukisimama barabarani kutazama.

Miongoni mwa vitu hivyo yalikuwamo magazeti ya miaka mingi. Langley aliyahifadhi ili Homer ayasome siku atakapopata kuona tena. Kwa umati yalikuwa takataka. Kwa Langley yalikuwa ahadi. Hapa ndipo penye kiini cha mvuto: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba kitu fulani hakina maana? Jamii inayosema akiba haiozi haina jibu rahisi.

Fasihi na runinga zimelikabili swali hili kwa njia tofauti. Katika riwaya ya Homer & Langley, iliyotoka pia mwaka 2009, E. L. Doctorow anampa Homer usimulizi. Msomaji huuona mrundiko ukikua kutoka ndani, pamoja na maisha yenyewe. Katika kipindi, msuko huanzia mwishoni: lori liko mlangoni, jamaa wamekusanyika, na kila kinachoinuliwa sharti kitetewe mbele ya kamera. Mwenye nyumba huzungumza, lakini hukumu imekwisha kutolewa.

Mwaka 2013 mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliutambua ulimbikizaji kuwa ugonjwa unaojitegemea. Anayetazamwa, basi, ni mgonjwa. Umati wa Harlem haukupata kumsikia Langley akijieleza. Mtazamaji wa runinga humsikia mlimbikizaji akijitetea. Akimcheka, hana udhuru huo.