Saa Anazisogeza Nani?

Katika ofisi nyingi za Tanzania daftari la mahudhurio hukaa mapokezi, na muda wa kuingia ukipita, tuseme saa moja na nusu asubuhi, mtu wa utumishi hulipigia mstari mwekundu. Anayesaini chini ya mstari amechelewa, hata kama jana aliondoka saa tatu usiku. Jina la daftari hilo ni la kweli: linahesabu kuhudhuria, na kuhudhuria ni kuwapo, basi. Sasa zipo kampuni zinazotaka kuachana nalo na kumwachia mfanyakazi nafasi ya kupanga saa zake na mahali pa kufanyia kazi. Rasimu zao hukwama mapema mno, kwenye kichwa cha habari.

Rasimu moja niliyoletewa niipitie, ya ofisi ya jijini Dar es Salaam, iliitwa Mwongozo wa Mpangilio Nyumbufu wa Kazi. Nyumbufu ni istilahi halali. Imetokana na kunyumbuka, yaani kuvutika bila kukatika, na katika maandishi ya ufundi hukaa vizuri. Lakini kinachovutika kina anayekivuta, na kichwa hicho hakikumtaja. Wafanyakazi waliposomewa, swali la kwanza lilitoka idara ya mauzo: "Ina maana tutapigiwa simu hata Jumapili?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Mji huu umejaa watu ambao kazi zao zimenyumbuka miaka nenda rudi bila wao kupata nafuu yoyote. Deiwaka wa daladala hushika usukani dereva mwenye gari akichoka, na humwachia akirudi. Kibarua wa ujenzi huijua siku yake asubuhi ileile, akiwa amekwishafika getini. Hao wananyumbuka kwa sababu wanavutwa. Mwenye mkataba na mshahara wa mwezi ana kila sababu ya kuliogopa neno linalomkumbusha deiwaka, na mwajiri anayeupuuza woga huo atashangaa kuona mpango aliouona kuwa hisani unapokelewa kwa mikono iliyofungwa.

Wajerumani walilitatua tatizo hili la jina kwa namna yao. Mwaka 1967 kampuni ya kuunda ndege ya Bölkow, huko Ottobrunn nje kidogo ya München, iliacha kuwataka wafanyakazi wake wote waingie kwa wakati mmoja, baada ya foleni za asubuhi kuwa kero. Wazo lilikuwa la mwanauchumi Christel Kämmerer, na mpango ukaja kujulikana kwa jina la Gleitzeit, muda unaoteleza. Kwao ni jina zuri. Kwetu anayeteleza amekosea: ulimi huteleza, mguu huteleza, na mtu akisema "niliteleza" anaomba radhi. Huwezi kumwambia mhasibu kwamba kuanzia mwezi ujao saa zake zitateleza.

Mimi nasimama na kusogeza. Ni neno ambalo ofisi zetu zinalo tayari, kila siku mtu anasema, "Tusogeze kikao hadi saa nane." Kikao kilichosogezwa hakijafutwa wala hakijapunguzwa, na kila aliyehusika anajua sasa kiko wapi. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki kinamdai mtendaji. Saa zikisogea, hakuna wa kuulizwa. Zikisogezwa, mfanyakazi ametendwa. Akizisogeza mwenyewe, ameamua, na anaweza kudaiwa uamuzi wake. Herufi mbili tatu za mwisho wa kitenzi zinabeba mwongozo mzima, nami nilishauri ule wa Dar es Salaam uanze hivi: "Mfanyakazi anaweza kusogeza saa yake ya kuingia, kati ya saa moja na saa nne asubuhi, na atatoka akishatimiza saa zake za siku. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri wote wawe kazini." Kipande hicho cha katikati nakiita saa za pamoja. Bila saa za pamoja kila mtu huwa huru peke yake, na jambo linalohitaji watu watatu hungoja siku tatu.

Wiki nayo imepewa jina baya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, mtu afanye kazi hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya saa za ziada, muda wa chakula ukiwa ndani yake, mradi siku zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Mpango huo nimeusikia ukiitwa "wiki fupi", na jina hilo linawapotosha watu. Chukua ofisi ya saa 40 inayozipanga kwa siku nne. Ongeza saa moja ya chakula: unaingia saa moja asubuhi, unatoka saa kumi na mbili jioni. Hapo umeshinda kazini mchana kutwa, na mtoto aliyetoka shule saa tisa amemngoja nani? Hii ni wiki iliyobanwa. Mtu alisikie hilo neno kubanwa kabla ya kusaini, kisha achague. Wengine wataichagua kwa furaha kwa ajili ya Ijumaa ya mapumziko. Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, neno la mwongozo si pambo tena. Siku moja litasomwa kwa sauti mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na "fupi" itadaiwa ufupi wake.

Panaponipa shida kweli ni nyumbani. "Kazi za nyumbani" tayari zina wenyewe: kufua, kupika, kulea. "Mfanyakazi wa nyumbani" naye ana mkataba wake wa kimataifa, Na. 189 wa 2011, alioupigania kwa miaka mingi, na si vyema karani wa benki amnyang'anye jina. Kauli ya kutendea inasaidia. Anayefanya kazi za nyumbani anaihudumia nyumba. Anayefanyia kazi nyumbani ameigeuza nyumba kuwa mahali pa kazi. Ila katika sebule moja yenye kompyuta mezani na jiko upande wa pili, mwanamke mara nyingi hutakiwa kufanya yote mawili kwa saa zilezile, na sarufi haimwokoi. Ndiyo maana nataka mwongozo utamke saa ambazo mfanyakazi hatakiwi kupatikana kwa simu. Bosi anayeandika ujumbe saa nne usiku na kuongeza "si haraka" amekwishamfungulia mtu ofisi chumbani.

Neno la kuondoa kabisa ni ruhusa. Ruhusa huombwa, na anayepewa hubaki na deni la shukrani. Sheria ileile ya Ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya mtoto wake. Bado nawasikia akina mama wakisema "naomba ruhusa nikanyonyeshe", kwa sauti ya kunyenyekea. Fomu iandikwe "taarifa" pale ambapo haki ipo, na "makubaliano" pale panapohitaji kukubaliana.

Kisha wapo ambao mwongozo huwasahau: mlinzi, dereva, dada wa mapokezi. Hawawezi kufanyia kazi nyumbani, lakini ni wao walio na msamiati uliokomaa kuliko wa mtu yeyote ofisini. "Nishikie zamu hadi saa nane, mama anakwenda kliniki," mlinzi humwambia mwenzake, na jioni wanalipana. Kushikiana zamu kumekuwapo miaka yote, kwa siri, kwa sababu msimamizi akijua ni kosa. Jambo hilo liandikwe ukurasa wa kwanza, kwa maneno yao hayohayo, na pawe na safu mbili za saini: ya anayeshikiwa na ya anayeshika.