Jinja hadi Mbale: Safari ya Miguu, Reli na Mbawa

Kwa mstari ulionyooka, Jinja na Mbale zimeachana kilomita zipatazo 130. Ndege ndogo huzimaliza kwa takriban nusu saa. Gari hupita Iganga na Tirinyi, kilomita 145 hivi, nalo huchukua kama saa tatu (zaidi, ikiwa dereva anasimama kila penye abiria!).

Semei Kakungulu alipoujenga mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, mtu wa Busoga alikwenda huko kwa miguu, siku kadhaa. Reli ilianza kazi Jinja mwaka 1912, lakini ilielekea kaskazini, Namasagali. Treni ilifika Mbale mwishoni mwa miaka ya 1920, tena kwa kuzungukia Tororo.

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale. Basi mwanafunzi atokaye Jinja huuliza: safari fupi hivi, je, napunguza Swala? Jibu ni la kale kuliko injini. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kuwa kipimo ni masafa, maili 48 za Kihashimu, yaani kilomita themanini na kitu, wala si muda. Hata anayeyakata baharini kwa saa moja hupunguza. Kwa hiyo wa ndege na wa miguu ni wasafiri sawa. Ila akifika Mbale na nia ya kukaa muhula mzima, huko ataswali kamili.